MAUMIVU YA KIFUA: USINGOJE KUPAMBAZUKE



Tumezoea kusoma katika kurasa hizi habari za malaria, kuhara, chanjo na lishe ya watoto. Leo somo letu ni ugonjwa usioletwa na mbu wala maji machafu, nao unaweza kumchukua mtu mzima aliyelala salama: mshtuko wa moyo.

Wengine husema, "Huo ni ugonjwa wa matajiri, sisi tunaoishi kwa mgao hautuhusu." Sivyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu wapatao milioni 17.9 duniani, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchi tulizotoka na hii tunayokaa zimo humo.

KISA KILICHONIFUNDISHA

Nilipoanza kazi hii ya kujitolea nilikuwa na miaka 22. Jioni moja, saa mbili usiku, mzee wa mtaa wetu aliniita. Nilimkuta ameketi mlangoni, mkono kifuani, jasho linamtoka ingawa kulikuwa na baridi. Nilimwamkia, akaitikia kwa shida. Akaniambia, "Mwanangu, chembe ya moyo inanibana. Nadhani ni vidonda vyangu vya tumbo."

Nami nikakubali kuwa ni vidonda. Nikamwambia, "Pumzika baba, kesho asubuhi nitakusindikiza zahanati." Mkewe akamkorogea uji, nami nikaenda kulala.

Saa kumi na moja alfajiri waliniamsha. Tulimfikisha hospitali ya kambi saa moja asubuhi, yaani saa 11 tangu maumivu yaanze. Alifariki mchana ule. Mganga alitueleza kwamba haikuwa tumbo, ulikuwa moyo. Mama mjane ameniruhusu kuwasimulia kisa hiki bila kutaja jina, ili mwingine asingoje kama tulivyongoja sisi. Siwezi kusema kwamba tungewahi angepona. Lakini najua kwamba tulimnyima nafasi hiyo.

MSHTUKO WA MOYO NI NINI?

Moyo ni msuli unaosukuma damu mwili mzima. Nao wenyewe unahitaji damu, na huipata kwa mishipa yake midogo. Fikiria bomba la maji la kambi. Bomba likiziba kwa uchafu, vijiji vya mbele ya pale palipoziba havipati tone. Vivyo hivyo mafuta hujijenga polepole ndani ya mshipa wa moyo kwa miaka. Siku moja utando wa mafuta hayo hupasuka, damu huganda juu yake, na njia huziba.

Sehemu ya moyo iliyokosa damu huanza kufa katika muda wa nusu saa hivi, na huendelea kufa kadiri saa zinavyopita. Sehemu iliyokufa hairudi. Dawa na huduma za kufungua mshipa hufaa zaidi katika saa za mwanzo. Baada ya saa 12 faida yake hupungua sana. Ndiyo maana neno "kesho asubuhi" ni hatari.

DALILI ZA KUTAMBUA

1. Kifua kubana, kukandamizwa au kuwa kizito, kama mtu amekuwekea gunia la mahindi. Si lazima maumivu yawe makali.
2. Maumivu kwenda mkononi (hasa wa kushoto), begani, mgongoni, shingoni, kwenye taya au juu ya tumbo.
3. Jasho baridi bila kazi wala homa.
4. Kukosa pumzi.
5. Kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu au uchovu wa ghafla usio wa kawaida.

Si lazima dalili zote zije pamoja. Akina mama, wazee na wenye kisukari wanaweza wasisikie maumivu ya kifua kabisa. Huishiwa pumzi tu, huchoka ghafla au hutapika.

Ipo pia dalili ya kutangulia. Ukipanda kilima na kuni au dumu la maji kifua kinabana, ukipumzika kinaachia. Huo ni moyo unalalamika. Nenda zahanati siku hiyohiyo. Kama kubana huko kunazidi au kunakuja hata umekaa, usingoje: nenda hospitali mara moja.

MAMBO YANAYOTUCHELEWESHA

"Ni chembe ya moyo tu." Katika lugha yetu, chembe ya moyo ni pale juu ya tumbo, na wengi tukiumwa hapo tunafikiria vidonda, gesi au kiungulia. Lakini moyo wenyewe nao unaweza kuuma hapohapo. Ukiona maumivu hayo yamekuja na jasho baridi au kukosa pumzi, usijitibu kwa magadi wala dawa ya vidonda.

"Nimelishwa sumu." Ndugu zetu wa kutoka Kivu wanalijua neno karuho. Mtu akishikwa ghafla, ndugu humkimbiza kwa mganga wa kienyeji atapishwe. Sibishani na mtu juu ya anachoamini. Ninachoomba ni hiki: hospitali kwanza. Kumtapisha mwenye ugonjwa wa moyo kunammaliza nguvu na kula saa zake.

"Ni usiku." Kweli, kutembea usiku kunatisha. Lakini sungusungu wako zamu usiku. Waamshe, mwamshe kiongozi wa kijiji, mwamshe mhudumu wa afya aliye karibu. Hakuna atakayekulaumu hata ikigundulika kwamba ilikuwa gesi.

FANYA HIVI

1. Mketishe mgonjwa akiwa ameegemea, magoti yamekunjwa. Mlegezee nguo.
2. Kama baada ya dakika 5 za kupumzika maumivu bado yapo, ita msaada. Omba gari la wagonjwa.
3. Gari likichelewa, mbebeni kwa machela au kwa pikipiki akiwa ameshikiliwa. Asitembee, asiendeshe baiskeli mwenyewe.
4. Kama mna aspirini, mtu mzima atafune kidonge kimoja cha miligramu 300 (au vinne vya miligramu 75). Asipewe kama aspirini humdhuru, kama anatapika damu au anapata choo cheusi, au kama uso umepinda au upande mmoja wa mwili umelegea, maana hicho huenda ni kiharusi. Panado si aspirini. Msipoteze muda kuitafuta sokoni.
5. Msimpe dawa za presha za mtu mwingine, wala chakula kizito.
6. Chukueni kadi yake ya kliniki na dawa anazotumia. Mkifika semeni waziwazi: "Kifua kinabana, kimeanza saa fulani."
7. Akizimia na asipumue kawaida, mlaze chali. Weka viganja katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, sukuma chini kwa nguvu kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mpokezane bila kuacha mpaka msaada ufike.

NANI AWE MACHO ZAIDI?

Mwenye presha, mwenye kisukari, mvuta sigara, mwenye umri mkubwa, na yule ambaye mzazi au ndugu yake aliugua moyo angali kijana. Kama unatumia dawa za presha, usiziache kwa sababu unajisikia vizuri. Kujisikia vizuri hakumaanishi kwamba presha imepona. Punguza chumvi, acha sigara, punguza pombe, na upimwe presha hata kama huumwi.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni pamoja nyumbani, kisha mwulizane:
1. Taja dalili tatu za mshtuko wa moyo zisizo maumivu ya kifua.
2. Usiku, nyumbani kwenu, nani ataitwa kwanza, na nani atakwenda kumwita?
3. Kadi ya kliniki ya baba au mama inawekwa wapi?

Swali la pili na la tatu hayana jibu katika ukurasa huu. Jibu liko nyumbani kwako, na ni vema lijulikane leo kabla jua halijazama.

Mimi ni mhudumu wenu wa afya wa kujitolea. Ukibanwa kifua usiku, nigongee mlango. Safari hii sitakwambia ungoje asubuhi.