Ritifaa katika Fomu za Tovuti: Kusoma Maandishi kwa jQuery

Makala haya yanafafanua jinsi jQuery inavyosoma maandishi yaliyojazwa katika fomu ya tovuti, na tatizo linaloikumba ng' ya Kiswahili katika shughuli hiyo. jQuery ni maktaba ndogo ya lugha ya JavaScript iliyotolewa na John Resig mwaka wa 2006. Maktaba hapa ni mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa ili mtayarishaji programu asizitunge upya.

Tuchukue mfano wa kamusi ya mtandaoni. Mtumiaji huandika neno katika kisanduku chenye kitambulisho "neno", kisha hubonyeza kitufe cha kutafuta. Programu hulisoma kwa amri hii:

var n = $("#neno").val();

Alama # hutangulia kitambulisho cha kisanduku, nayo val() hurudisha kilichoandikwa ndani yake. Kinachorudishwa ni maandishi matupu. Hata 25 hupokelewa kama maandishi, wala si idadi.

Hapa ndipo utata unapozuka. Kwa msomaji, ng' huwakilisha fonimu moja. Kwa tarakilishi, ni alama tatu, na ritifaa yenyewe ina sura mbili: iliyonyooka, U+0027 katika Yunikodi, na iliyopinda, U+2019, ambayo baadhi ya programu za uandishi huiweka zenyewe. Jicho huona neno lilelile. Programu huona maneno mawili. Hivyo, mwanafunzi anayetafuta ng'oa kwa ritifaa iliyopinda huenda akaambiwa neno halipo, ilhali limo.

Kuifuta ritifaa si suluhisho. Ikifutwa, ng'oa hugeuka kuwa ngoa, yaani wivu au tamaa. Njia bora ni kusawazisha:

n = n.replace(/\u2019/g, "'");

Amri hii hunyoosha kila ritifaa iliyopinda kabla ya neno kulinganishwa na yaliyomo kamusini.

Aidha, zipo fomu zinazokataa jina kama Ng'ang'a kwa kuwa ritifaa hufunga maandishi katika SQL, lugha ya hifadhidata. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni kutenganisha maandishi ya mtumiaji na amri za hifadhidata, si kumnyima mtu jina lake.

Kwa kuhitimisha, ritifaa ni sehemu ya othografia ya Kiswahili, si pambo. Yafaa basi wanafunzi wa Kiswahili washirikishwe fomu zinapojaribiwa, na ng' iwe miongoni mwa maandishi ya kwanza kujazwa.