Fedha za Kujikinga na Ukame: Zatoka Wapi, na Nani Huzipanga?

Mvua zikikosekana, mambo mawili hufuatana: kwanza majani hukauka, kisha malori huja na mahindi ya msaada. Hayo watu wameyazoea. Lakini liko jambo la tatu ambalo wengi hawalijui, nalo ni fedha zinazotengwa kabla ya ukame kufika, ili maji na malisho yawe tayari. Katika somo hili twataka kueleza njia ya fedha hizo, tangu zinapoandikwa katika makisio ya Kaunti mpaka zinapogeuka kuwa mawe na saruji katika mto mkavu.

Haja yenyewe haina ubishi. Tangu mwisho wa mwaka wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, misimu 5 ya mvua ilikosekana kwa mfululizo katika kaskazini na mashariki ya Kenya, na mifugo zaidi ya 2,000,000 ikafa. Haukupita muda mrefu, mvua za masika za mwaka 2024 zikaja kwa wingi kupita kiasi, zikabomoa madaraja na kuua watu. Mtu anayengoja maafa ndipo atafute fedha hulipa mara mbili: hulipia chakula cha leo, tena hununua ng'ombe wengine kesho.

Sasa tutazame sheria. Katiba ya mwaka 2010 iliamuru kwamba Kaunti 47 zipate kwa jumla si chini ya sehemu 15 katika kila 100 za mapato ya Serikali ya Taifa. Sheria ya usimamizi wa fedha ya mwaka 2012 ikaongeza kwamba kila Kaunti itumie si chini ya sehemu 30 katika 100 za makisio yake kwa kazi za maendeleo, yaani si kwa mishahara na safari. Kisha mwaka wa 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Mabadiliko ya Hali ya Hewa. Baadhi ya Kaunti hazikuingoja. Makueni ilitunga kanuni zake mwaka wa 2015, ikaahidi kutenga shilingi 1 katika kila shilingi 100 za maendeleo. Wajir ilifuata mwaka wa 2016, ikaahidi shilingi 2.

Shilingi 1 katika 100 ni ndogo au kubwa? Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme Kaunti moja ina Sh. 4,000,000,000 za maendeleo, na wadi 30. Shilingi 1 katika kila 100 ni Sh. 40,000,000. Mpango ulioanza Isiolo, ukaenea Garissa, Kitui, Makueni na Wajir kwa msaada wa Uingereza, huzigawa hivi: sehemu 70 katika 100 kwa kazi za wadi, 20 kwa kazi za Kaunti nzima, na 10 kwa gharama za kuziendesha. Basi wadi zote 30 zitagawana Sh. 28,000,000, na kila wadi itapata kama Sh. 933,000. Fedha hizo hazitoshi kufanya kila jambo. Zatosha kufanya jambo moja au mawili yaliyochaguliwa vizuri, na hapa ndipo penye shida.

Maana kuchagua vibaya ni hasara kuliko kutofanya lolote. Mfano wake ni kisima cha mashine. Mgeni akifika katika mbuga isiyo na maji atasema, "Chimbeni hapa." Lakini wafugaji huenda wameiacha mbuga ile makusudi. Wakati wa mvua huchunga pale kwa maji ya madimbwi. Madimbwi yakikauka huondoka, na ardhi hupumzika. Kisima kikiwekwa pale, mifugo itakaa mwaka mzima, majani yataliwa mpaka mizizi, na ukame ukija hapatakuwa na akiba. Wazee wa Waborana wa Isiolo, katika mabaraza yao ya malisho yaitwayo dedha, walijua jambo hili kabla ya ofisi yo yote kulijua: wao hutenga malisho ya mvua, malisho ya kiangazi, na malisho ya dhiki. Ndiyo maana katika mpango huu uamuzi wa kwanza hutoka katika kamati ya wadi iliyochaguliwa na watu wenyewe, na kazi ya wataalamu ni kupima kama jambo lililoombwa lawezekana.

Historia yatuonyesha vile vile. Mwaka wa 1938 serikali ya wakati huo iliamua kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, ati kuiponya ardhi ya Machakos. Watu wakaenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kupinga, na amri ikashindwa, ingawa yeye mwenyewe alihamishiwa Lamu. Lakini Wakamba hawa hawa, katika vikundi vyao vya mwethya, baadaye walichimba matuta kwa hiari katika vilima vile vile. Ardhi ilikuwa ile ile. Aliyeamua ndiye aliyebadilika.

Katika Makueni na Kitui, jambo linaloombwa mara nyingi ni bwawa la mchanga. Ukuta hujengwa juu ya mwamba kukata mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, nao hujaa nyuma ya ukuta. Maji hukaa kati ya punje za mchanga, mahali ambapo jua haliyafikii kwa urahisi wala mbu hazai. Kina mama wanaofukua mchanga kwa mikono hawahitaji kuelezwa faida yake. Lakini ukuta ukiwekwa mahali pasipo mwamba, maji yatapita chini yake, na fedha za mwaka mzima zitakwenda pamoja nayo.

Iko pia fedha ya kutoka nje. Mwaka wa 2021 Benki ya Dunia iliikubalia Kenya dola 150,000,000 kwa mpango wa kuzipa Kaunti nguvu katika kazi hii. Wengine huziita msaada. Hasha, huo ni mkopo, na wenye kuulipa ni walipa kodi.

Sasa tarehe, ambazo yafaa kuziandika ukutani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini anayefika Julai amechelewa. Mpango wa maendeleo wa Kaunti hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1 ya mwaka unaotangulia. Waraka wa mwelekeo wa fedha hufuata kabla ya Februari 28, na makisio yenyewe kabla ya Aprili 30. Katiba yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha, kwa hiyo mikutano hiyo si hisani ya Gavana. Atakayekwenda na aulize maswali matatu: wadi yetu imeandikiwa kiasi gani, mwaka uliopita tuliandikiwa kiasi gani, na katika hicho, kiasi gani kilitumika kweli? Swali la tatu ndilo gumu, kwani fedha zilizoandikwa si fedha zilizotolewa. Jibu lake, kama afisa hanalo, hutafutwa katika taarifa za Mdhibiti wa Bajeti, ambazo hutangazwa kwa kila Kaunti, nazo ni wazi kwa mtu ye yote.