Naomba kila siku, mbona bado najaribiwa?

Swali: Mchungaji, kila asubuhi namwomba Mungu aniepushe na yule mwovu, lakini jioni nikipita karibu na baa miguu inageukia humo. Je, maombi yangu hayasikiki?

Jibu: Yanasikika. Kujaribiwa si dhambi. Yesu mwenyewe alijaribiwa nyikani baada ya kufunga siku 40. Paulo, katika 1 Wakorintho 10:13, anasema Mungu hutoa mlango wa kutokea. Tatizo ni kwamba mlango huo mara nyingi ni wa kawaida mno, nasi tunangoja muujiza. Yusufu, aliposhawishiwa na mke wa bwana wake Potifa, hakubaki akikemea mapepo: alikimbia, hata vazi akaliacha. Nawe badili njia ya kurudi nyumbani, kisha mweleze mzee wa kanisa unayemwamini. Anza leo jioni.