JEMADARI MARSHALL NA MWANAWE WA KAMBO

Tukisikia neno jemadari twafikiri juu ya bunduki, nishani na amri. Ni mara chache tunauliza: je, mtu huyu nyumbani kwake alikuwa baba wa namna gani? Katika somo hili nataka tumtazame George Marshall wa Marekani, aliyekuwa askari tangu ujana wake.

Marshall alizaliwa tarehe 31 Desemba, 1880, katika mji wa Uniontown, Pennsylvania. Alimaliza masomo katika chuo cha kijeshi cha Virginia mwaka 1901, na mwaka 1902 akapewa uofisa. Mwaka huo huo alimwoa Elizabeth Coles. Bibi huyu alikuwa na ugonjwa wa moyo, wala hawakujaliwa kupata mtoto. Waliishi pamoja miaka 25, mpaka alipofariki mwaka 1927.

Mwaka 1930 Marshall alimwoa Katherine Brown, mjane mwenye watoto watatu: Molly, Clifton na Allen. Baba yao, mwanasheria, alikuwa ameuawa. Allen, kitinda mimba, mwanzoni hakupenda mgeni aingie nyumbani mwao. Lakini baadaye alibadili nia, akamwandikia Marshall barua ya kumkaribisha. Tangu hapo Marshall akawalea watoto hao kama wake.

Tarehe 1 Septemba, 1939, siku Wajerumani walipoivamia Poland, Marshall aliapishwa kuwa Mkuu wa Jeshi la nchi kavu la Marekani. Jeshi hilo lilikuwa na watu wasiofika 200,000. Chini yake likakua, likapita watu milioni 8. Kila mmoja wao alikuwa mwana wa mtu, na Marshall hakulisahau jambo hilo. Alihakikisha kwamba Rais Roosevelt anaonyeshwa hesabu ya waliokufa, asije akazoea vifo vya vijana.

Allen naye aliingia jeshini. Alianza kama askari wa kawaida, akajifunza kazi ya vifaru, akawa ofisa mdogo, akapelekwa Italia. Tarehe 29 Mei, 1944, majeshi yalipokuwa yakielekea Roma, alisimama katika kifaru chake akitazama mbele kwa darubini. Adui aliyejificha akampiga risasi, akafa.

Marshall alipopata habari aliacha ofisi, akaenda nyumbani kumwambia mkewe kwa kinywa chake mwenyewe. Kisha akarudi kazini, kwa maana siku 8 tu baada ya kifo hicho, tarehe 6 Juni, majeshi yalishuka pwani ya Normandy. Mwezi huo huo alikwenda Italia, akasimama penye kaburi la Allen.

Hapa ndipo penye somo. Mtu mwenye cheo kama kile angeweza kumtafutia mwanawe kiti salama ofisini. Lakini kifaru kile kisingekaa kitupu. Angepanda mwana wa mama mwingine. Wengine watasema kwamba baba ampendaye mwanawe angemficha. Mimi naona kwamba asiyetoa wake hana uso wa kuwaomba wenziwe watoe wao.

Baada ya vita Marshall alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na mwaka 1947 alitoa shauri la kuzisaidia nchi za Ulaya zilizobomoka. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki tarehe 16 Oktoba, 1959, akazikwa Arlington, na wake zake wote wawili wamelala hapo pamoja naye.

Wazee wetu mliopita katika shule hii, ninyi mlio maofisini mnajua jinsi ndugu anavyogonga mlango akitaka nafasi isiyo yake. Nasi tulio darasani, kesho mlango huo utakuwa wetu. Tuwapende jamaa zetu kwa mali yetu, kwa muda wetu na kwa machozi yetu. Lakini haki ya mtoto wa jirani si mali yetu, wala hatuwezi kuwagawia ndugu zetu.