Msaidizi aruhusiwe kumwaga picha zote kwa mkupuo?

Wengi mmeniuliza: nikiwa na msaidizi, nimruhusu apakie picha nyingi kwa mpigo, au nibaki kupakia mwenyewe moja moja?

Mimi niko Tumati, nauza masweta na mablanketi ya mtumba. Mwezi wa sita baridi ikishapiga huku Mbulu, oda zinakuja hadi za Haydom na Dongobesh. Mwaka jana nilifungua belo, nikampa mdogo wangu simu: "Weka zote kwenye katalogi." Akachagua galari nzima, akapakia zote. Picha 86 zikaingia. Nikafurahi, kazi imeisha.

Kesho yake mama mmoja wa Haydom akalipia sweta la elfu 18. Kumbe nilishaliuza wiki iliyopita! Nikarudisha hela, makato nikabeba mimi. Kuangalia vizuri, zimeingia pia picha za muuzaji mwingine wa jumla, na picha ya mtoto wa mteja akijaribu sweta. Mama yake hakuniruhusu kuiweka. Huyo mteja hajarudi mpaka leo.

Je, nilimfungia mdogo wangu? Hapana. Katalogi ya WhatsApp Business inabeba hadi bidhaa 500, na mtumba kila kipande ni cha peke yake. Ukipakia peke yako moja moja utakesha. Shida siyo wingi wa picha, shida ni kupakia ambacho hakijakaguliwa.

Sasa hivi tunafanya hivi:

1. Tuna albamu moja tu, "ZA KUPOSTI". Nguo ikiwa mkononi ndo picha yake inaingia humo. Galari nzima haiguswi.

2. Kila nguo inapigwa picha na karatasi yenye namba. Ikilipiwa, namba hiyo inafutwa kwenye katalogi kabla mzigo haujafungwa.

3. Picha ya mtu, omba ruhusa kwanza. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Picha ya muuzaji mwenzio nayo usibebe tu, Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999.

4. Msaidizi mpya anaanza na picha 10, wewe unakagua. Akipita mara tatu bila kosa, mfungulie apakie nyingi.

Leo kabla hujafunga duka, pitia katalogi yako ufute kila kilichouzwa. Usisubiri mteja akulipe ndo ugundue.