Bastola si ya Kutishia Watu

Msomaji wa Koboko anayebadilisha fedha karibu na barabara ya Oraba ametuandikia. Ana bastola yenye kibali, huificha chini ya shati, na kila jioni hurudi nyumbani na mfuko wa shilingi, dola na pauni za Sudan Kusini. Anauliza: "Vijana wakinizingira, niitoe niwatishe, au nisubiri?"

Ndugu yangu, usiitoe kwa kutisha. Hapo ndipo wengi wanaponaswa, kwa kudhani kosa huanza risasi inapotoka. Kumwelekezea mtu bastola ili aogope, naye hajakushambulia wala hayuko karibu kukushambulia, ni kosa la jinai hata kama kibali chako ni halali. Kibali kinakuruhusu kumiliki silaha. Hakikuruhusu kumalizia nayo ugomvi wa deni, wa mpaka wa shamba au wa gari lililokwaruzwa. La gari tunalikumbuka: Novemba 2016, Lugogo, Kampala, mtetezi wa haki za watoto alipigwa risasi akafa, na ilidaiwa chanzo ni mkwaruzo tu. Mshtakiwa alikabiliwa na kesi ya mauaji, na mwaka 2020 akakiri kuua bila kukusudia. Alifungwa miaka mitano na ushei.

Ukifyatua, mahakama itakuuliza: ulishambuliwa? Hatari ilikuwepo saa ileile? Ulikuwa na njia ya kuondoka? Nguvu uliyotumia ililingana na shambulio? Wakikusogelea na mapanga juu, nyuma yako ukuta, sheria iko upande wako. Lakini aliyenyakua mfuko akakimbia hatishii tena uhai wako. Ukimpiga, daktari ataandika kwamba risasi iliingilia mgongoni, na karatasi hiyo itasomwa mbele ya jaji kabla hujafungua mdomo. Hata aliyeshambuliwa kweli, akizidisha nguvu, anaweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha.

Nasi tunailaumu sheria yenyewe. Inadai nguvu "isiyozidi inayohitajika", kisha inamwachia jaji apime, katika chumba tulivu na baada ya miaka, jambo uliloliamua kwa sekunde mbili gizani. Mbunge wetu wa Arua, Ibrahim Abiriga, alipouawa Juni 2018 pamoja na mlinzi wake, viongozi walizungumzia ulinzi wa wabunge. Lakini mfanyabiashara anayekabidhiwa kibali naye anastahili kufundishwa kwa lugha anayoielewa ni lini aguse bastola ile. Kumpa silaha bila somo hilo ni kumtega.

Ukilazimika kufyatua, ripoti mwenyewe, mara moja. Sema ulishambuliwa, kisha omba wakili kabla ya kutia sahihi maelezo yoyote. Maelezo ya usiku wa tukio, yaliyoandikwa na askari kwa maneno yake, yamewafunga watu waliokuwa na haki. Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kwa shtaka la mauaji, serikali inapaswa kukupa wakili kama huna uwezo, na dhamana huombwa Mahakama Kuu, iliyopo Arua.

Kuna askari watakaodai pesa ili "kurekebisha" faili. Wanauza haki yako. Bondi ya polisi hailipiwi: anayekutoza, andika jina lake na namba yake, umshtaki.