Kusoma Jalada la Jarida Darasani

Katika somo la majarida, mwalimu aanze na jalada. Mwaka 1955 jarida la Ufaransa, Paris Match, lilichapa jaladani picha kubwa ya kijana Mwafrika mwenye sare, akipiga saluti. Katika kitabu Mythologies (1957), Roland Barthes alitofautisha maana mbili za picha hiyo. Maana ya wazi: kijana anapiga saluti. Maana iliyofichika: watawaliwa wanaitumikia Ufaransa kwa hiari. Lakini tangu mwaka 1954 Waaljeria walikuwa wakiipiga vita Ufaransa ili wajikomboe.

Basi, waoneshe wanafunzi jalada lolote, kisha uliza kwa utaratibu huu:

1. Mnaona nini?
2. Mnatakiwa kuamini nini?
3. Ni nini kilichoachwa?

Mtoto asiyezoezwa swali la tatu ataamini kila kilichochapwa.